Usiuchane mpira wao, dada
Pole sana, dada. Kioo cha dirisha kuvunjwa mara mbili kwa mwezi na watoto wanaocheza mpira nje kunauma, tena na mgonjwa yumo ndani. Ila kuuchana mpira wao kama unavyotaka, nakuomba usifanye. Mimi niliwahi kuuchana mmoja hapa Sinza. Ulikuwa wa soksi na makaratasi, umesukwa kwa kamba vizuri mno, na kilio cha yule mtoto bado nakisikia. Mama yake hatukusalimiana mwaka mzima.

Nenda jioni kwa wazazi, uwaonyeshe bei ya fundi, wachangie kioo. Watoto waombe wewe mwenyewe wasogeze magoli yao ya ndala mbali na dirisha, na mchana mgonjwa akilala wapumzike. Wazazi wakikataa kabisa, hapo mwone mjumbe wa mtaa.