Kufufua Peugeot 504 ya mzee nyumbani

Umeuliza uanzie wapi na 504 saluni (gari la milango minne lenye buti) ya mzee iliyolala Nakuru miaka mingi, na kama spea bado zipo. Zipo. Kenya ziliunganishwa nyingi, na pikapu zake ziliendelea kutengenezwa muda mrefu baada ya Ufaransa kuacha saluni mwaka 1983, kwa hiyo vitu vya injini, breki na gia bado unavipata Kirinyaga Road, Nairobi, ukienda na kile cha zamani mkononi. Usiende na jina tu. Kuna injini ya 1.8 yenye pistoni za milimita 84 na ya 2.0 yenye 88, na muuzaji mwenye haraka atakupa yoyote. Kwa mambo ya nyuma pia uwe makini: ekseli ya pikapu au ya stesheni wagoni haiingii kwenye saluni.

Kabla ya kugusa stata, toa plagi, mimina oili kidogo kwenye silinda, uache siku mbili tatu, kisha zungusha injini kwa mkono. Mafuta ya zamani mwage yote, tangi lioshwe.

Ukifungua silinda hedi usizungushe injini ovyo, silivu zake (mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinakaa ndani ya maji ya kupoza injini na zitanyanyuka; sili za chini zikiachia, maji yanaingia kwenye oili.

Ila pesa yako italiwa na kutu, si injini. Mlete fundi bodi mapema, achokore chini ya milango na pale shokabu za mbele zinaposhikilia. Pakiwa pameoza sana, tafuta bodi nyingine. Rangi isubiri.