Zawadi kwa mchangia damu: lini ni shukrani, lini ni bei

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu muulizaji.

Umeuliza mambo matatu, nayarudia kwa ufupi ili anayeingia sasa asilazimike kuyatafuta. Ulichangia damu kwenye zoezi ambako kila mchangiaji alipewa fulana na vocha ya manunuzi, na mwenzako akakwambia umeuza damu yako, umekula haramu. Wiki kadhaa baadaye ukamchangia mgonjwa usiyemjua, na kijana wake akakutilia bahasha mkononi ulipokuwa unatoka. Sasa hujui kama vitu hivyo ni halali, na unaogopa kwamba hata thawabu zimekwenda.

Kuna aliyekujibu "haramu tupu", na kuna aliyekwambia "ni damu yako, kula". Naona wote wawili wameharakisha. Mimi si mufti. Ni mtu niliyechangia damu kwa miaka mingi na baadaye nikawa miongoni mwa wanaoandaa uchangiaji msikitini kwetu. Masuala haya yalinikosesha usingizi mpaka nikakaa na sheikh wangu tukayapitia moja moja.

Kuuza damu ni haramu, hapo hakuna mjadala. Qur'ani imeiweka damu pamoja na nyamafu na nyama ya nguruwe (2:173 na 5:3), na katika hadithi ya Ibn Abbas aliyoipokea Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) anatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu anapowaharamishia watu kula kitu huwaharamishia na thamani yake. Iliyo wazi zaidi ni ya sahaba Abu Juhayfa katika Sahihi Bukhari: Mtume amekataza thamani ya damu.

Hadithi hiyo ina kisa chake, nacho kinafaa kujulikana. Abu Juhayfa alimnunua mtumwa aliyekuwa mpiga chuku, yaani anayewatoa watu damu kwa tiba, akaamrisha vifaa vyake vivunjwe. Mwanawe alipomuuliza sababu ndipo akaitaja hadithi. Kwa hiyo wako wanazuoni waliosema "thamani ya damu" hapo ni ujira wa hijama, yaani wa kupiga chuku, na wako waliosema ni kuuza damu yenyewe. Ibn Hajar anazitaja kauli zote mbili katika Fat-hul Bari, kitabu chake cha kuisherehesha Sahihi Bukhari, na anaeleza kwamba kuuza damu ni haramu kwa ijmai, yaani kwa makubaliano ya wanazuoni. Lakini Mtume mwenyewe alipigwa chuku na Abu Taiba, akampa pishi ya chakula, na Ibn Abbas akasema kama ujira huo ungekuwa haramu asingempa. Ndiyo maana wanazuoni wengi wameuruhusu ujira wa mpiga chuku, ingawa wameuona ni makuruhu, yaani haupendezi japo si haramu. Hapo nilijifunza jambo la kwanza: malipo yanaweza kuzunguka damu bila kuwa bei ya damu. Mshahara wa muuguzi anayekutoboa, gharama ya mfuko, gharama ya kupima ukimwi, homa ya ini na kaswende, ubaridi wa kuhifadhia, vyote hivyo ni kazi na vifaa. Mgonjwa akitozwa hizo hajauziwa damu.

Sasa njoo kwenye zawadi. Baraza la Fikihi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), lile la Makka, lililijadili suala hili katika kikao chake cha 11 mwaka 1989. Walisema mambo matatu ambayo natamani kila anayetoa fatwa za haraka angeyasoma kwa pamoja. Kuchukua badali ya damu, yaani kuiuza, haijuzu. Ikiwa mgonjwa yumo katika dharura na hapatikani wa kumpa ila kwa malipo, anayelipa anaruhusiwa kwa kadiri ya dharura, na dhambi inabaki kwa anayepokea. Na hakuna ubaya kumpa mchangiaji mali kwa njia ya hiba, yaani zawadi, au tuzo ya kumhamasisha, kwa kuwa hiyo imo katika mlango wa kujitolea, si mlango wa kubadilishana. Baraza la Fikihi la Kimataifa la Jeddah lilikuwa limetangulia mwaka 1988 katika suala la viungo. Lilikataza kiungo kuuzwa, lakini mali anayoitoa mwenye kuhitaji kwa dharura, au kama tuzo na heshima, likasema ni mahali pa ijtihadi, yaani wanazuoni wajitahidi kuitafutia hukumu.

Lile neno la pili la Rabita, la dharura, liliniliza, na nitakwambia sababu. Mama yangu mdogo alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Benki ya damu haikuwa na kundi lake, na sisi tuliokuwepo hatukufaa: mmoja alikuwa na upungufu wa damu, mwingine alikuwa kwenye dawa, mimi nilikuwa nimechangia majuma matatu nyuma. Nje ya lango alikuwepo mtu aliyejua kabisa anachongoja. Akataja bei, tukalipa. Mama mdogo alipona, alhamdulillahi, lakini kwa miaka nilibeba kile kitendo kama mtu aliyenunua nyamafu sokoni. Sheikh aliponisomea uamuzi ule nilikaa kimya muda mrefu. Nyinyi mlikuwa katika dharura, akaniambia, na aliyewauzia ndiye atakayeulizwa. Wewe unayesoma, kama ulilipa siku moja ili mtu wako asife, usijitese.

Mwenzako, lakini, ana hoja moja nzito. Wanazuoni wana kanuni kwamba lililozoeleka kwa ada ni kama lililowekwa kwa sharti. Akisema "zawadi ikishatangazwa kabla haiwi hiba tena, imekuwa makubaliano", hajasema upuuzi. Ukitangaza kwamba kila mfuko una malipo yake, kuyaita "tuzo" hakubadilishi kitu, maana katika mikataba kinachotazamwa ni makusudio, si maneno. Kumbuka yule mkusanya zaka, Ibnul Lutbiyya, aliyerudi akisema hiki chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume akauliza: angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, angeletewa zawadi hiyo? Jina la zawadi halikumsaidia, kwa sababu kilichoivuta kilikuwa kingine.

Basi nitaipimaje fulana yako na vocha yako? Mimi nina kipimo kimoja, nacho sikukitoa kitabuni, kilitoka kwenye kosa tulilolifanya wenyewe.

Mwaka mmoja mfadhili mwenye nia njema alitupa fedha taslimu, tukatangaza kwamba kila atakayechangia atapata bahasha. Watu walifurika. Tulifurahi mpaka kijana mmoja alipoanguka kwenye kiti. Alipozinduka akakiri kwamba alikuwa amechangia mahali pengine wiki tatu nyuma, wakati wanaume huambiwa wasubiri kiasi cha miezi mitatu na wanawake minne. Alikuwa na shida ya pesa, akaficha. Muuguzi akatwambia kwa upole kwamba huyo amejiumiza mwenyewe, anayemhofia yeye ni yule anayeficha ugonjwa. Vipimo haviwezi kukamata kila ambukizo, kwa sababu kipo kipindi cha mwanzo ambacho kirusi kimo mwilini na kipimo bado hakikioni. Kinga pekee ya mgonjwa katika siku hizo ni ukweli wa mchangiaji anapojibu yale maswali ya faragha. Ukiweka pesa mezani, umemlipa mtu ili asiseme kweli. Hii ndiyo sababu tangu mwaka 1975 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukazihimiza nchi zijenge huduma ya damu juu ya wachangiaji wa hiari wasiolipwa. Nilipolisikia hilo nikaona katazo la Mtume kwa jicho jingine.

Mara iliyofuata tukaamua: zawadi atapewa kila aliyekuja na akakaa kwenye usaili, hata akikataliwa. Aliyekutwa na damu pungufu akapata fulana yake, aliyepungua kilo 50 akapata, aliyesema "nilikuwa mgonjwa juzi" akapata na akashukuriwa kwa ukweli wake. Ndipo nikaona hukumu na usalama wa mgonjwa vimekaa upande mmoja. Ikiwa asiyetoa hata tone anapewa sawa na aliyetoa mililita 450, zawadi ile haiwezi kuwa bei ya damu, kwa sababu damu haikubadilishana mikono na chochote. Imekuwa heshima ya kuitikia wito. Na mwongo hapati kitu cha ziada kwa uongo wake.

Kwa hiyo waulize waandaaji wako: aliyerudishwa alipewa? Kama alipewa, lala usingizi. Kama hakupewa, fulana bado siioni kuwa na tatizo, kama ilivyo juisi, biskuti na nauli yako ya kwenda na kurudi. Hivyo ni vitu ambavyo hata wataalamu wa damu hawavihesabu kuwa malipo, na hakuna anayetobolewa mkono kwa ajili ya fulana. Vocha ndiyo inayonipa wasiwasi. Kitu kinachogeuka pesa kirahisi, kimetangazwa mapema, anapewa aliyetoa damu tu, na thamani yake inaweza kumtoa mtu nyumbani: hapo tumeusogelea mlango ambao Rabita waliufunga. Sisemi ni haramu kwako, kwa sababu msingi wa ruhusa yao ni tuzo ya kuhamasisha, na waandaaji yumkini walikusudia hivyo. Nasema waandaaji waibadilishe. Na wewe jitazame: kama ungekwenda hata bila vocha, ichukulie ni hiba. Kama ilikuwa ndiyo iliyokupeleka, itoe kwa mhitaji, na mara nyingine nenda kwa nia nyingine.

Kuna pia aliyeuliza kuhusu siku ya mapumziko ambayo mwajiri humpa aliyechangia. Ile ya kupata nafuu haina shaka. Na kadi ya kuipa familia yako kipaumbele cha damu siku za mbele? Naiona ni kusaidiana, ilimradi hairuhusiwi kuuzwa wala kupewa mtu kwa pesa. Nimeona zikiuzwa. Hapo tumerudi pale pale langoni.

Thawabu. Watu wengi hutaja aya ya Suratul Insaan, "hatutaki kwenu malipo wala shukrani" (76:9), kisha huogopa hata juisi. Hicho ni cheo cha juu, na anayekiweza akishike. Lakini aya haisemi anayeshukuriwa amepoteza. Mwenyezi Mungu amewaambia mahujaji kwamba si dhambi kutafuta fadhila za Mola wao (2:198), nao walikuwa wanaogopa kufanya biashara katika msimu wa hija. Kinachoangaliwa ni lipi limekubeba na lipi limekufuata njiani. Hata hivyo sitaki kukudanganya kwamba hakuna tofauti. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Abdullah bin Amr: wanaopigana katika njia ya Mungu wakapata ngawira, yaani mali ya vitani, wameharakishiwa theluthi mbili ya ujira wao, ikabaki theluthi moja, na wasiopata ngawira hutimiziwa ujira wao wote. Ngawira ni halali kabisa, na bado ina uzito wake kwenye mizani. Mimi tangu nilipoisikia huwa naiacha fulana mezani kwa anayeitaka. Hilo ni langu, simlazimishi mtu.

Imebaki bahasha, na hapa nina deni la kusema. Kuna mtoto niliwahi kumchangia, na baba yake, mzee wa makamo, akanifuata na bahasha. Nikakataa kwa ukali, nikijiona mchamungu. Mzee akabaki ameinyoosha, macho yamemjaa. Nilipomsimulia sheikh hakunisifu. Akanikumbusha hadithi ya Ibn Umar, kwamba anayewafanyieni wema mlipeni, na msipopata cha kumlipa mwombeeni dua. "Yule alikuwa anatekeleza amri ya Mtume wake," akasema, "nawe umemzuia." Na Mtume alikuwa akipokea zawadi na akimlipa aliyempa, kama alivyosimulia bibi Aisha.

Wewe hukuomba, hamkuagana, na damu ilikuwa imekwisha kutoka mwilini mwako. Ni zawadi, ni halali yako. Lau mngepatana kabla, ningekwambia uirudishe leo hii. Ukiona moyo mzito kwa sababu wana mgonjwa na gharama, fanya nilivyofanya mimi mara ya pili: niliipokea kwa mikono miwili, nikaomba dua pale pale mgonjwa wao apone, kesho yake nikaenda kumtazama mgonjwa na matunda yaliyonunuliwa kwa pesa ile ile, na kilichobaki nikakiweka chini ya mto wake kama wanavyofanya watu wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa.