"Dive" si kuzama

Nilipoanza kuandikiana na rafiki kwa Kiingereza, siku moja nilimsimulia tulivyoshinda bwawani na wadogo zangu, watoto wanaruka kichwa chini, wanaibuka wanacheka, wanarudia. Akilini nilikuwa na "kuzama". Nikafungua kamusi, nikaandika: "The children drowned all afternoon." Jibu lilikuja upesi, limejaa pole. Alidhani nina msiba.

Nilichotaka ni "dive", hutamkwa "daiv". Kuzama kwetu kumebeba mengi: jiwe huzama, meli huzama, na mtu akifa maji tunasema kazama. Kiingereza kimegawa. Jiwe na meli ni "sink". Aliyekufa maji ni "drown". Anayejitosa kwa hiari yake, kwa kawaida kichwa na mikono vikitangulia, huyo ndiye wa "dive", yaani anapiga mbizi. Siku hizi kabla sijaandika najiuliza: ameingia kwa kupenda? Ataibuka?

Kinyume chake nako kuna mtego. "Diver" ni mpiga mbizi. Ukisema mzamiaji hujakosea, ila wengine watamwona mtu aliyejificha melini aende ughaibuni, au aliyeingia kwenye sherehe bila kualikwa.

Wakati uliopita, Waingereza husema "dived". Wamarekani wengi husema "dove", kwa kuiga "drive" na "drove". Limeandikwa sawasawa na njiwa, lakini njiwa ni "dav" na hili ni "douv". Mimi nimebaki na "dived", maana hakuna asiyelielewa, na hata baada ya "have" halibadiliki. Kwenye "diving", ile "e" hutoka.

Nje ya maji ndiko utamu ulipo. Kipa akiruka ubavu kudaka mpira, "he dived", na uwanja mzima unampigia makofi. Mshambuliaji akijiangusha bila kuguswa, "he dived" vilevile, ila huyo anastahili kadi ya njano. Bei ikiporomoka ghafla nayo "dives". Mtu akikuambia "dive in" mbele ya sahani, anakukaribisha uanze kula. Na ukisoma "She dived into her bag", usihangaike kutafuta maji: dada kasikia simu inaita, katumbukiza mkono mkobani haraka haraka.