Wapigakura wametuhama, tuanzie wapi?

SWALI

Jambo Mama. Mimi ni katibu wa seli ya chama chetu huku Katuba, Lubumbashi, hapa kwetu Kongo (DRC). Uchaguzi wa Desemba 2023 ulituangusha vibaya. Mgombea wetu wa ubunge wa taifa alipata kura nzuri hapa Lubumbashi, lakini chama hakikufikisha ile asilimia 1 ya kura za nchi nzima inayotakiwa ili chama kipate viti, basi kiti tukakikosa. Tangu hapo ofisi imefungwa, hata bango limeng'olewa. Sasa wakubwa wetu wameanza kuzungumzia uchaguzi wa 2028. Mmoja anataka tuwafukuze wote waliotusaliti. Wa pili anasema kura ziliibwa, kwa hiyo tususie. Wa tatu anasema tulikosa pesa za fulana na vitenge tu. Mimi naishi na hao waliotuacha, tunateka maji kwenye bomba moja. Niwaambie nini?

Katibu wa seli, Katuba

JIBU

Jambo mwanangu. Usianze kuwaambia kitu. Wewe uko nao bombani kila asubuhi, wakubwa wako hawapo, kwa hiyo jibu la chama chako liko karibu nawe kuliko lilivyo karibu nao. Nenda ukalisikilize.

Anza na hili. Kwa uchaguzi wa Desemba 20, 2023 walioandikishwa nchini walizidi milioni 40. Waliopiga kura walikuwa karibu milioni 18. Wakubwa wako wanawinda wasaliti, na huku zaidi ya nusu ya watu hawakumpa kura mtu yeyote. Wengi wa watu wenu wamo humo. Hawajahamia kwa mwingine, walibaki nyumbani, na sababu ya kila mmoja unaweza kuijua ukimuuliza kwa upole.

Hapo Katuba namfahamu mama mmoja anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, anapima kwa ndoo mbele ya nyumba yake. Mwaka 2018 alipiga kura, tena kwa moyo. Mwaka 2023 kadi yake ya uchaguzi ilikuwa imefutika, jina halisomeki, picha haionekani. Alitoka alfajiri akaenda shule aliyoandikishwa, akapitisha kidole kwenye orodha zilizobandikwa ukutani, ukurasa baada ya ukurasa, jina lake hakuliona. Wakamtuma shule nyingine. Huko mashine ya kupigia kura ilikuwa bado haijawashwa. Jua lilipopanda akarudi kwenye makala yake, kwa sababu watoto walikuwa wanasubiri bukari, ugali wetu. Siku nzima hakukutana na mtu hata mmoja wa chama alichokipenda, wa kumwambia: mama, kituo chako ni kile pale, twende nikupeleke. Ukimwita mama huyo msaliti utampoteza moja kwa moja.

Kwa hiyo nunua daftari. Chukua avenyu moja baada ya nyingine, andika nani kadi yake imefutika na anahitaji nakala mpya, nani amehamia Ruashi au Kampemba, nani atakuwa ametimiza miaka 18. Uliza pia nani alipiga kura kwingine na kwa nini. Akikupa sababu inayokuuma, iandike jinsi alivyoisema, usibishane naye. Kazi hii haina muziki wala msafara wa magari, na kwa hiyo vyama vingi huikimbia. Mimi naipenda kwa sababu nimeiona ikirudisha watu ambao hotuba ziliwashinda.

Sasa niende kwa mkubwa wako wa pili. Wizi wa kura upo, sitakudanganya. Januari 2024 CENI yenyewe, tume ya uchaguzi, ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine, na uchaguzi wa majimbo ya Masimanimba na Yakoma ukafutwa wote. Lakini tangu 2006 nimefundisha mashahidi wa vyama mbalimbali, na mtu akiniambia ameibiwa namwomba PV, karatasi ya matokeo ya kituo. Unaijua karatasi hiyo: juu namba ya kituo, katikati majina na kura kwa tarakimu na kwa maneno, chini saini za wanakituo na za mashahidi. Shahidi ana haki ya kupewa nakala. Je, ninyi mnazo ngapi? Mara nyingi naambiwa shahidi aliondoka mchana kwa njaa, kwa sababu aliyeahidi kumletea chakula hakutokea na simu hakupokea. Kuhesabu kunafanyika usiku, kwa mwanga wa tochi za simu, na hapo chama hakina macho. Kijana aliyekaa njaa siku ile kwa ajili yenu, hadi leo hajalipwa nauli yake, naye ana mama, ana wadogo zake, ana marafiki. Hesabu wote hao. Kabla ya kutafuta kura mpya nendeni mkamlipe, na mumwombe msamaha mbele ya wenzake.

Kususia nakupinga waziwazi. UDPS, chama cha upinzani kilichoanzishwa 1982, haikushiriki uchaguzi wa 2006, ikakaa nje ya Bunge muhula mzima. Mwaka 2011 ilirudi uwanjani. Kiongozi wake Etienne Tshisekedi alitangaziwa 32.33% dhidi ya 48.95% za rais Joseph Kabila, akayakataa matokeo, lakini chama kilipata wabunge na kikasikika tena bungeni. Januari 2019 mwanawe Félix akaapishwa kuwa rais. Ukikipenda au usipokipenda chama hicho, tazama njia kiliyopita.

Tazama pia jirani zetu wa Zambia, wale tunaovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kununua unga kwao. Mwaka 1991 UNIP, chama tawala cha rais Kenneth Kaunda, ilishindwa ikabaki na wabunge 25 kati ya 150. Mwaka 1996 ikasusia. Hasira yao ilikuwa na msingi, maana katiba ilikuwa imebadilishwa ikamzuia Kaunda kugombea. Hata hivyo wapigakura wao hawakukaa kuwasubiri, na UNIP haijarudi madarakani hadi leo. Upande mwingine yuko Hakainde Hichilema wa chama cha UPND. Aligombea urais akashindwa mara tano. Mwaka 2016 alikosa kwa kura 100,530 tu. Mtu mwingine angerudi kusini kwake, ambako watu walikuwa tayari wanampenda, na kuwaongezea mikutano. Lakini kura za kusini alikuwa nazo tayari. Zilizomkosesha zilikuwa Lusaka na Copperbelt, mijini, kwa vijana wasio na kazi na kwa watu walioambiwa miaka mingi kwamba chama chake ni cha kabila moja. Mwaka 2021 wengi walivaa kijani cha chama tawala mikutanoni na moyoni walikuwa wekundu wa UPND. Wenyewe wakaiita kampeni ya tikiti maji. Akapata zaidi ya 59%, akamwangusha rais aliyekuwa madarakani.

Hilo linagusa jeraha lenu hasa. Chama chenye nguvu Lubumbashi peke yake kinaweza kushangiliwa Katuba yote na bado kikafa kwenye ile asilimia 1. Mna njia mbili. Ama mjenge kweli Likasi, Kolwezi, Kalemie na mbali zaidi, ama mwingie kwenye muungano wa vyama ambao kura zake zinahesabiwa pamoja. Mazungumzo hayo yafanyike sasa, mkiwa na daftari mkononi na muda wa kukataa. Chama kinachobisha hodi kwenye muungano wiki ya mwisho kabla ya kupeleka orodha kinapewa nafasi iliyobaki.

Kuhusu kufukuza watu sina mengi. Aliyekula pesa ya chama ajibu kwa hesabu. Aliyempigia kura shemeji yake wa chama kingine mwacheni, mnamhitaji.

Na fulana? Zinavaliwa shambani, vitenge vinashonwa, watu wanashukuru na kupiga kura wanavyotaka. Pesa hiyo ilipe kodi ya kile chumba cha ofisi, ibaki wazi hata siku mbili kwa wiki, awepo mtu anayejua jinsi ya kumwandikia mjane barua kwa bourgmestre, mkuu wa komini, au kumsindikiza kijana aliyekamatwa bila kosa. Pale mtaani mtu akifa, chama kionekane kwenye kilio kikiwa na viti na maji, bila bendera. Muda uliobaki hadi 2028 unatosha kwa hayo, ila si kama mtaanza na mabango.

Wakubwa wako wakikuuliza nani kakufundisha, wasomee daftari. Anza na sababu zinazouma.

SWALI

Mama, mimi nauza dagaa kwenye soko la Kenya, komini yetu hapa Lubumbashi. Watu wa chama nilichokipigia kura 2018, ambacho 2023 nilikiacha, wamerudi sokoni wanaandika majina. Niwape jina langu?

Mama wa soko, Kenya

JIBU

Dada yangu, kadi yako ya uchaguzi usimpe mtu, wala usimruhusu aipige picha au aandike namba yake. Jina ni hiari yako. Kabla ya kulitoa, mwambie aliyekuja kwa nini uliwaacha, tena kwa urefu, kisha tazama kama kalamu yake inaandika au anasubiri umalize ili ahamie meza inayofuata. Muulize pia nani alikuwa shahidi wao kwenye kituo chako 2023. Akimjua, mna la kuzungumza. Asipomjua, mwambie akamtafute, arudi naye.