Kijana wa Chake, anza na mbawa

Juzi kijana wa Chake Chake kaniandikia: "Kaka, nataka kusomea ujenzi wa viwanja vya ndege. Nianze wapi?" Nimekaa na ujumbe ule siku mbili, maana umenitonesha kidonda.

Mwaka wa mwisho chuoni nilichagua mada: kiwanja chetu cha Abeid Amani Karume kifanyweje ili kipokee Airbus A380, ile ndege kubwa ya abiria ya ghorofa mbili. Miezi mitatu nilikesha na urefu wa njia ya kurukia. Mita 3,000 na ushei, hesabu ikakubali, nikaingia ukumbini kifua mbele. Mwalimu mmoja akauliza: "Injini za nje zitakuwa juu ya nini?" Sikuwa na jibu. Ukumbi mzima ukacheka, na kicheko kile bado nakisikia nikipita Kiembesamaki, kilipo kiwanja.

Mdogo wangu, mbawa za A380 ni karibu mita 80 ncha kwa ncha. Kwenye lami ya upana wa mita 45, injini mbili za nje zinaning'inia nje ya lami, juu ya mabega ya njia, yaani kingo za pembeni mwa lami. Bega likiwa mchanga na changarawe, injini itavuta mawe. Ndiyo maana kwa ndege kubwa hivyo, yenye injini nne, njia pamoja na mabega yake hutakiwa kufika mita 75. Mimi sikuwa nimeliandika bega hata mara moja.

Maegesho, madaraja ya kufikia ghorofa ya juu, zimamoto wa daraja la 10, lililo la juu kabisa, mabegi ya watu 500 kwa mpigo: yote yanafuata ukubwa huo. Boeing waliliona mapema. Ndege yao mpya, 777X, inakunja ncha za mbawa ikiwa chini, kutoka karibu mita 72 hadi chini ya 65, itoshe pale pale zinapoegeshwa 777 za zamani. Airbus walisimamisha uundaji wa A380 mwaka 2021.

Yaliyofuata nisikuchoshe nayo. Alhamdulillahi, leo michoro ya maegesho inaletwa kwangu niikague. Vijana wengi wanaileta na urefu tu, kama mimi wakati ule. Msifanye hivyo! Pimeni upana. Pimeni mbawa, kisha pimeni tena.

Kijana wa Chake, nitumie mchoro wako wa kwanza. Swali langu litakuwa lile lile la ukumbini.