Kuongeza bafa hakujaiponya draiva ya mizani yako

Ndugu wa Nakuru, umeeleza kwamba kompyuta ya Linux inayosoma mizani ya maziwa huganda kila baada ya siku kadhaa, Oops (ripoti ya ajali ya kerneli, kiini cha mfumo) inaelekeza kwenye msimbo wa mtandao, na tangu uongeze safu ya data ya draiva (bafa, yaani nafasi ya kupokelea data) kutoka baiti 64 hadi 128 imetulia. Unauliza kama kazi imeisha. Haijaisha, na nakusihi usiisambaze hiyo draiva (programu inayoiunganisha kompyuta na mizani) kwenye vituo vingine vya maziwa kwa sasa.

Nimepambana na ugonjwa huuhuu hapa Kisumu, kwenye draiva niliyorithi ya mizani ya samaki pale ufukwe wa Dunga, na msimbo uliobandika unafanana nayo sana. Mizani hutuma fremu, yaani kifurushi cha data, yenye baiti 4 za kichwa, mojawapo ikitaja urefu wa fremu nzima, kisha data. Draiva inasoma urefu huo, inatoa 4 za kichwa, halafu inanakili kiasi kinachobaki kwa memcpy, funksheni ya kunakili memori. Inaamini kila kinachotoka kwenye waya. Kwetu, kompresa ya friji ilipowaka karibu na kebo ya siriali, baiti ya urefu iliharibika njiani. Biti moja tu ikigeuka, 48 inakuwa 112. Basi baiti 108 zinamwagwa kwenye nafasi ya 64.

Sasa kwa nini mtandao ndio uanguke? Muundo wako una baiti 8 za muda na 64 za data, jumla 72. Kwenye prosesa za x86, kmalloc (funksheni ya kuomba memori ya kerneli) ikiombwa 72 hutoa kipande kutoka kmalloc-96, kundi la vipande vya baiti 96, kwa hiyo zipo baiti 24 za ziada ambazo hazina mwenyewe. Ukizidisha kidogo unaandika humo na hakuna anayelalamika. Ukizidisha 44, baiti 20 zinaingia kwa jirani, na jirani anaweza kuwa mali ya sehemu yoyote ya kerneli. Ataanguka siku atakayoguswa, labda saa nyingi baadaye. Oops inakutajia aliyeumia. Aliyeumiza keshaondoka. Ndiyo maana siku zote ulizotumia kuichunguza kadi ya wifi hazikuzaa kitu.

Hiyo 128 nayo haitoshi. Baiti ya urefu inafika 255, ukitoa 4 ni 251. Na usikimbilie 256 ukadhani umemaliza, maana kuna upande wa chini pia: urefu ukija 3, 3 toa 4 ni hasi 1, na memcpy, isiyojua namba hasi, inaipokea kama 18,446,744,073,709,551,615 kwenye mashine ya biti 64. Hakuna bafa ya ukubwa huo duniani.

Tiba iko pale urefu unaposomwa, kabla ya kutoa chochote. Urefu usiofaa ukija, rudisha kosa (-EINVAL) bila kunakili:

if (urefu < 4 || urefu - 4 > sizeof(p->data))
    return -EINVAL;

Tumia sizeof (ukubwa) ya safu yenyewe, usiandike 64 kwa mkono, ili mtu akibadilisha safu mwakani ukaguzi ubadilike nayo. Naona wako wanaokushauri ukate urefu kwa min() utoshe safu na uendelee. Kwa mizani nakataa kabisa. Fremu iliyokatwa ni kilo za uongo, na kilo hizo ni malipo ya mfugaji aliyeamka alfajiri kukamua. Itupe fremu nzima, ongeza kihesabu cha fremu mbovu, subiri inayofuata. Cheksamu yako (namba ya kuhakiki kwamba fremu haikuharibika) haikuokoi hapa kwa sababu unaikagua baada ya kunakili, wakati memori imeshaharibika.

Kisha thibitisha, usingoje wiki uone kama itaganda. Jenga kerneli yenye CONFIG_KASAN, yaani KASAN, mlinzi anayenasa matumizi mabaya ya memori ndani ya kerneli, ambayo imo ndani ya Linux tangu toleo la 4.0 la 2015. Inatumia baiti 1 kulinda kila baiti 8 za memori na inapunguza kasi sana, kwa hiyo iendeshe ndani ya QEMU (programu inayoigiza kompyuta nzima), si kituoni. Lisha mlango wa siriali wa QEMU fremu za kutunga zenye urefu wa 0, 3, 4, 68, 69, 112 na 255. Anza na draiva ya zamani ya 64, bila ukaguzi. Ukiilisha 112 utaona "BUG: KASAN: slab-out-of-bounds" na "Write of size 108", kisha msururu wa funksheni unaoishia kwenye memcpy yako, na chini yake mahali kipande hicho kilipoombwa. Hapo mtandao hautajwi hata kidogo. Weka ukaguzi, rudia fremu zilezile: 4 na 68 zipite, nyingine zikataliwe, KASAN inyamaze. Safu irudishe 64.

Kama KASAN itapiga kelele hata baada ya hapo, bandika ripoti nzima hapa, hasa sehemu ya "Allocated by task", nikusaidie kuisoma.