Re: Ushuru wa Trump na bei ya jibini Malindi

Dada, umeuliza kama ushuru wa Marekani kwa bidhaa za Ulaya ndio uliokupandishia bei ya Parmigiano, ile jibini ngumu ya Italia, hapo mgahawani kwako Casuarina. Sio huo. Ushuru wa forodha hulipwa na mwagizaji wa nchi inayoutoza, kwa hiyo wa Trump unamuuma mlaji wa New York. Na hata huko, jibini hiyo ilikuwa ikilipa 15% tangu zamani. Trump aliupandisha, kisha makubaliano ya Marekani na Ulaya ya 2025 yakaurudisha kwenye 15% ileile.

Kinachokubana wewe kiko bandarini Mombasa. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina daraja la juu la ushuru la 35%, na bidhaa za maziwa zimo. Juu yake inapigwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%, tena juu ya bei iliyokwisha kujumlishwa ushuru. Bado hujamlipa mwenye gari la baridi, na bado yuro haijapanda. Anayekwambia "Trump kapandisha" anatafuta pa kujifichia.

Mimi ningechunga zaidi unachouziwa. Nunua kipande chenye ganda, ulitazame ubavuni: jina limepigwa kwa vinukta kuzunguka gurudumu zima la jibini kabla halijakatwa. Ile iliyokwisha kukunwa huwezi kujua kwa kuitazama tu imetoka wapi.

Pizza za kila siku wekea mozzarella ya hapahapa Kenya. Hiyo ghali wabakishie wazee wa Kiitaliano, maana wao wanaijua kwa harufu tu, na watakusema.